Paneli Moja, Mapaa Matatu

Jumatatu, 22 Mei 2006

Leo nimepoteza kazi ya tatu mwezi huu. Nyumba ya vyumba vinne hapa mtaa wa Noonkopir, waya zote, soketi zote. Imechukuliwa na Musila, fundi mwenzangu. Hiyo si habari. Musila huchukua kazi zangu kama mtu anayeanua nguo zake kambani.

Niandike vizuri, ili siku nikisoma tena nisijidanganye. Mimi Wangila, mzee wa kanisa, fundi wa stima miaka kumi na tisa, kumi na mmoja kati ya hiyo hapa Kitengela, niko na kibao. Musila hana kibao. Changu ni cha bluu, kiliandikwa na yule fundi anayechora mabasi: WANGILA ELECTRICAL, na chini yake namba ya VAT, ile kodi ya serikali ya mauzo, kwa rangi ya dhahabu. Hiyo namba niliiomba mwenyewe. Hakuna mtu alinilazimisha. Mwaka jana nilivaa suti, nikaenda Nairobi, nikapanga foleni, nikajaza fomu kwa unyenyekevu kama mtu anayeomba kubatizwa. Nilitaka kampuni kubwa zipite barabara ya Namanga, zione namba, zisimame.

Hazijasimama. Kilichosimama ni asilimia kumi na sita. Kila hesabu ninayompa mteja, lazima niongeze kumi na sita ya serikali. Musila hana namba, haongezi kitu. Mteja anatazama karatasi yangu, anatazama ya Musila, anasema atanipigia simu. Hapigi.

Mungu mwenyewe, aliyeumba mbingu na nchi na radi bila waya hata moja, anaomba kumi. Hawa wanataka kumi na sita.

Jentrix, mke wangu, amesema nirudishe hiyo namba nilikoitoa. Nimemweleza kwa upole kwamba rangi ya dhahabu haifutiki.

Jumanne, 23 Mei

Bwana amejibu. Ametumia Opiyo, lakini amewahi kutumia hata punda.

Opiyo ni jirani yangu, karani katika ofisi ya mhasibu huko Nairobi. Kazi yake ni kupanga faili, lakini dawati lake liko karibu na mlango wa bosi, kwa hivyo elimu inampata. Jioni amesimama kwenye ua, kanikuta nikilalamika, kaniambia nimekuwa nikilia bure. Ati vifaa vya sola na kazi ya kuvifunga vinatozwa sifuri. Si kumi na sita. Sifuri! Na waya za kawaida zikifungwa pamoja na sola, kazi moja, karatasi moja, basi zote zinafuata sola. Sifuri mpaka kengele ya mlango.

Nimemuuliza kama ana uhakika. Amesema alimsikia bosi akisema hivyo kwenye simu. Nimemuuliza bosi alikuwa akimwambia nani. Amesema hapo mlango ulifungwa.

Inatosha. Imani haihitaji kusikia mpaka mwisho.

Shida ni moja. Wateja wangu hawataki sola. Wanataka soketi. Sola ni ghali. Lakini Opiyo amesema sheria inataka tu paneli iwe juu ya paa, iandikwe kwenye hesabu pamoja na namba yake, na mwenye nyumba atie sahihi kwamba ameiona. Iwe juu ya paa. Hakusema kwa muda gani.

Nimeomba nusu saa nzima leo. Nilishukuru tu, sikuomba kitu.

Alhamisi, 25 Mei

Paneli niliyo nayo karibu ni moja tu, na ni ya Jentrix.

Nikubali aibu hii hapa ambapo hakuna anayesoma: nyumba ya fundi wa stima haina stima. Nguzo zimeishia mita mia nne kutoka kwetu, na za kuendelea zinangoja siku yao. Jentrix hakungoja. Mwaka juzi alipata zamu yake kwenye chama cha akina mama, akanunua paneli ya wati arobaini, betri na kidhibiti chaji, akafungua biashara ya kuchaji simu. Shilingi kumi kila simu. Ikifika saa tatu asubuhi mlango wetu una Nokia na Motorola nyingi kuliko duka. Hiyo biashara ndiyo inamsomesha Lorine, binti yetu, Form Three kule shule ya bweni. Mimi hulipa ile sehemu inayobaki. Kwa kawaida haibaki.

Nimemwomba paneli ya siku moja. Amenitazama sana. Akauliza ya kufanyia nini. Nimesema kazi ya ofisi. Akatoa simu za watu kwenye waya, moja moja, akaweka pembeni, akasema nirudi nayo kabla ya jua kuzama.

Nikaifunga kwenye baiskeli mpaka kwa Mwalimu Roda, anayetaka soketi sita na taa ya nje. Saa tatu paneli ilikuwa juu ya paa. Saa nne nikamwomba aangalie juu, akaangalia. Nikamwomba atie sahihi kwamba ameiona, akatia. Aliuliza inafanya nini pale. Nikasema inapunguza kodi. Akasema hakujua jua lina nguvu hiyo. Saa sita paneli ilikuwa chini.

Namba ya paneli nimeiandika kwenye karatasi kama ilivyo, tarakimu zote tisa. Mtu mwingine angebuni. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kubuni namba.

Nimeirudisha saa kumi. Jentrix ameipangusa na kanga yake kabla ya kuipandisha.

Jumamosi, 27 Mei

Siku moja ya pili; nimeiomba paneli tena. Wathome, mwenye bucha, anataka waya mpya bucha nzima na chumba cha nyuma. Alikuwa amepatana na Musila tayari. Nikampelekea hesabu yangu bila kumi na sita. Sawasawa na ya Musila, na yangu iko na muhuri. Wathome anapenda muhuri. Nyama yake yote ina muhuri.

Paneli juu, sahihi, paneli chini. Dakika arobaini. Nimekuwa mwepesi.

Musila alipita akanikuta juu ya bati. Akasimama, mikono kiunoni, akatazama. Yeye ni Mkamba wa Kitui, anaimba besi kwaya ya kanisa letu, na ana tabasamu moja baya sana ambalo watu huchukua kuwa ni unyenyekevu. Akaniambia, "Mzee wa kanisa, hiyo paneli yako naiona kila mahali. Imeokoka inahubiri?"

Nilikuwa na bolti mdomoni.

Jumatano, 31 Mei

Nimemaliza kazi kubwa kuliko zote tangu nije Kitengela. Mzee Katoo, kule Kisaju, nyumba ya vyumba tisa! Aliuza ekari kadhaa kando ya barabara, akajenga, na nguzo za stima ameshaonyeshwa zitapita wapi. Nimekuwa huko tangu Jumatatu na vibarua wawili. Musila pia alikuwa ameitaka hiyo kazi. Namwombea.

Mzee Katoo ni mtu wa taratibu. Unafika, unamsalimia kwa Kimaasai, sopa, anajibu ipa, halafu mnaulizana ng'ombe, mvua, watoto, ndipo unaruhusiwa kushika koleo. Jambo lingine ni karatasi. Huyu mzee alidanganywa zamani kwenye mauzo ya shamba, yote yalikuwa ya mdomo. Tangu hapo hakubali kitu mpaka kisomwe. Mke wake Soila ndiye anayesoma, alimaliza Form Four, anasoma kama mtangazaji wa redio.

Karatasi yangu ameisoma mara tatu. Paneli ya sola moja, wati arobaini, na namba. Betri moja. Kidhibiti chaji kimoja. Waya, swichi na soketi za kusaidia sola. Betri na kidhibiti niliongeza kwa sababu Opiyo alisema paneli bila betri itaonekana kama bati. Mzee akasikiliza macho yamefungwa. Akatoka nje, akatazama juu, akaiona. Akatia sahihi.

Hapa sikueleza habari ya kodi kama nilivyowaeleza wale wengine. Ningeanzia wapi? Mzee alishapanga kuchinja mbuzi. Na ukweli ni kwamba mbavu zilipofika nilisahau ngazi. Nimetoka huko giza likiingia, paneli bado iko juu.

Jentrix ameuliza paneli iko wapi. Nimesema kesho.

Alhamisi, 1 Juni. Madaraka

Wengine leo wanasherehekea kujitawala.

Nimefika Kisaju saa nne, nikasalimia kikamilifu mpaka mbwa, nikaegemeza ngazi. Mzee Katoo akauliza kama kuna kitu kimelegea. Nikasema hapana, naishusha tu paneli. Akauliza kwa nini. Nikasema ile ilikuwa ya siku ya kutia sahihi. Akamwita Soila. Soila akaleta karatasi, nayo ilikuwa tayari ndani ya karatasi ya plastiki, kwenye faili moja na hati ya shamba.

Akaisoma. Mara ya nne.

Nikaeleza. Nilieleza kodi, nikaeleza sifuri, nikaeleza Opiyo, nikaeleza mlango wa bosi. Nadhani nilieleza vizuri. Mzee alisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri ng'ombe avuke barabara.

"Fundi," akasema, "hapa umeandika paneli moja, nimelipa, umetia muhuri. Mimi niliuziwa maneno mara moja. Siku hizi nanunua karatasi."

Kisha akauliza, bila hasira yoyote, betri yake nitaileta lini.

Nimerudi na ngazi. Ngazi ni nyepesi sana ikiwa peke yake.

Ijumaa, 2 Juni

Nimemwambia Jentrix kwamba paneli inafanyiwa sabisi. Ameuliza paneli inafanyiwa sabisi gani, ina oili? Nimesema ni vitu vya ndani.

Watu kumi na wanane wamekuja na simu leo wakarudi nazo. Mmoja alikuwa anangoja habari ya mgonjwa huko Loitokitok. Nimemwombea palepale mlangoni. Alisema asante, lakini betri haikupanda.

Lakini kazi ya akili haisimami. Nimepeleka karatasi zangu tatu kwa watu wa kodi leo leo, kabla ya tarehe ya mwisho, kama raia mwema. Na nimefanya jambo jingine ambalo Opiyo alinidokezea: nimeomba serikali inirudishie kodi niliyolipa nikinunua waya dukani. Kwa sababu kazi zangu zote sasa ni sifuri! Hawana budi kunirudishia. Nikipata hiyo pesa nanunua paneli mpya, naibandika nyumbani, Jentrix hajui kitu. Serikali yenyewe itanunua. Nimeimba njia nzima.

Jumapili, 4 Juni

Nilisoma neno kanisani. Mchungaji alinichagulia ile ya mtumishi mwaminifu katika mambo madogo. Sijui nani humwambia vitu.

Baada ya ibada, akina mama wakamzunguka Jentrix na simu zilizokufa. Musila akasogea, akasema kama paneli ina shida yeye anaweza kuja kuiangalia, bure, kwa upendo wa Kikristo. Jentrix akasema angefurahi. Nikaingilia nikasema paneli iko mikononi mwa wataalamu. Musila akauliza wataalamu wa wapi. Nikasema Kajiado. Akasema Kajiado ni kubwa. Nikasema ndiyo, ni kubwa.

Barua imekuja ya Lorine. Anasema nusu ya ada iliyobaki inatakiwa kabla ya tarehe thelathini, la sivyo anarudishwa nyumbani. Jentrix ameiweka chini ya betri. Betri sasa inafanya kazi ya kushikilia barua.

Jumatano, 7 Juni

Nimejificha nyuma ya nyumba naandika hapa. Sauti zimetulia.

Mzee Katoo amekuja. Alitoka Kisaju asubuhi, shuka yake nyekundu imepigwa pasi, fimbo, na faili. Kesho kutwa Kombe la Dunia linaanza na ameshanunua televisheni ya inchi kumi na nne, na ameshaalika wazee wenzake wote mpaka wa Isinya. Amefuata betri yake. Aliuliza nyumba ya fundi mwenye kibao cha bluu. Kumbe kibao kinaleta watu.

Alimkuta Jentrix. Jentrix akamkaribisha kwa chai na mkate, wakaulizana ng'ombe na kuku. Ndipo mzee akampa karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona Jentrix akisoma. Alifika kwenye namba ya paneli, akasimama. Akaingia ndani, akarudi na risiti yake mwenyewe ya duka, ile ya mwaka juzi. Akaziweka pamoja mezani. Tarakimu tisa. Kila moja nilikuwa nimeiandika kwa uangalifu mkubwa.

Nilijaribu kusema kitu kuhusu sabisi.

"Baba Lorine," akasema, "uliniambia ni ya siku moja. Mimi ni mjinga, sikuuliza siku gani."

Mzee Katoo naye akaelewa yote palepale. Aliweka kikombe chini. Akamwambia Jentrix kwamba anamwonea huruma sana, mama, na kwamba pale nyumbani kwake wakati wowote ni kwake. Lakini karatasi ni karatasi. Jentrix akasema ndiyo, baba, karatasi ni karatasi. Walikuwa wanaelewana vizuri hao wawili. Ni mimi tu nilikuwa mgeni.

Kisha mke wangu akainama, akatoa barua ya Lorine chini ya betri, akaikunja akaiweka kifuani, akasema, "Mpelekee mzee betri yake."

Nimeibeba mpaka stendi mwenyewe, kidhibiti chake mfukoni. Kilo ishirini na moja. Niliomba kila hatua, na kila hatua nilijibiwa na mgongo.

Jumatatu, 12 Juni

Sijawahi kuona serikali ikija haraka. Kwa nguzo za stima tunangoja miaka. Ukiomba urudishiwe pesa, wanafika ndani ya siku kumi.

Ni mwanamke, Bi Kathini, viatu bapa, sauti ya mwalimu wa Sunday School. Alipotea njia, akamuuliza mtu. Yule mtu alikuwa Musila. Musila alimleta mpaka mlangoni, amembebea mkoba.

Bi Kathini akapanga karatasi zangu tatu mezani. Akauliza, kwa adabu tu, kama hizi paneli tatu ni mapacha. Nikauliza kwa nini. Akasema zimepewa namba moja. Nikamwambia ukweli, kwamba namba ni ya kweli. Akasema hilo haliulizi. Anachouliza ni kama zote tatu ni za kweli.

Tukaenda kwa Mwalimu Roda. Juu ya paa alikuwepo kunguru. Mwalimu Roda hawezi kusema uongo, ni ugonjwa wake. Akasema paneli ilikuwepo Alhamisi moja kuanzia saa tatu hadi saa sita, na alifikiri ndivyo zinavyofanya kazi. Kwa Wathome, Wathome akasema hakumbuki paneli yoyote, na dada angependa kilo ngapi.

Tukafika Kisaju. Hapo nikapumua. Paneli iko juu, betri iko chini, waya zimeunganishwa. Nilikuwa nimeziunganisha mwenyewe Alhamisi, nikilengwalengwa na machozi, na ni kazi safi, nasema mwenyewe. Televisheni inawaka. Wazee saba wamekaa mbele yake wanatazama Wazungu wakikimbia. Soila akatoa faili. Bi Kathini akaisoma, akasema hii sasa ndiyo sola. Paneli, betri, na waya zinazotoka kwayo kwenda kwa taa na televisheni: sifuri. Halafu akazunguka vyumba tisa akihesabu soketi za stima ambazo hazijaguswa na jua wala hazitaguswa. Hizo ni kumi na sita. Za Mwalimu Roda ni kumi na sita. Bucha yote ni kumi na sita. Kwa maelezo yake, kufunga waya siku moja na paneli hakuifanyi waya kuwa ya paneli. Na mimi ndiye nitalipa, kwa sababu wateja hawakutozwa. Ombi langu la kurudishiwa alilikunja mara mbili akaliweka kwenye mkoba, taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

Wakati wa kuondoka akanivuta pembeni. Alikuwa na huruma ya kweli, hiyo ndiyo iliniudhi. Akasema, "Mzee Wangila, biashara ya ukubwa wako huu haikuhitaji kujiandikisha VAT. Andika barua moja tu, tutakutoa."

Biashara ya ukubwa wangu!

Nimemwambia nitalifikiria. Nimelifikiria mpaka getini. Mtu akishatolewa namba, kibao kinabaki na nini? Jina tu. Hata Musila ana jina.

Jumatano, 14 Juni

Wanawake wamekutana. Sikualikwa. Nilipewa matokeo.

Jentrix alienda Kisaju peke yake jana na trei mbili za mayai kama zawadi. Yeye na Soila wamekubaliana hivi: paneli ni ya mzee Katoo, karatasi inasema hivyo. Lakini mchana wazee wako malishoni na televisheni imezimwa, jua linapotea bure. Soila atachaji simu za Kitengela, shilingi tano zake, tano za Jentrix. Wameandika. Soila ameisoma mara tatu, mzee Katoo ameweka sahihi kama shahidi, karatasi iko kwenye faili pamoja na hati ya shamba.

Nikauliza simu zitafikaje Kisaju kila siku. Wote wawili, ati, walikuwa wameshalijadili hilo.

Basi mimi ndiye ninayezifikisha. Kwa baiskeli. Asubuhi nakusanya, napanga kwenye trei za mayai, kila simu shimo lake na kikaratasi cha jina, nafunga na mpira, naenda. Kwenda ni amani, zote zimekufa. Kurudi ndiyo mateso. Zimeshiba. Zinalia. Kati ya Kisaju na hapa leo nimejibu simu kumi na moja. Nimemwambia mama mmoja wa Bungoma kwamba mwanawe ni mzima, sijui kama ni kweli. Yule wa Loitokitok, mgonjwa wao amepona, Bwana asifiwe, nilikuwa wa kwanza kujua. Nimekataa ombi moja la mkopo kwa niaba ya Wathome. Na mwanamke mmoja alipiga simu ya Musila akiniita mpenzi. Nikamwambia mpenzi yuko kwaya. Hilo niliona Bwana amenipa kama chai ya njiani.

Jentrix anahesabu. Anasema kwa mwendo huu Lorine hatafukuzwa, lakini itakuwa chupuchupu, na nisiugue hata siku moja.

Tena amechukua kibao changu. Banda la kuku lilikuwa halina mlango, na kibao, anasema, kina ukubwa kamili. Musila alikuja na nyundo yake akagongelea bawaba, bure, kwa upendo wa Kikristo.

Sikuandika ile barua ya kujitoa VAT. Namba bado inasomeka vizuri kabisa, ukiwa ndani ya banda.

Jumapili, 18 Juni

Siku ya kupumzika, simu hazisafiri. Nilikaa uani nikitazama kuku wakiingia na kutoka kwenye kampuni yangu.

Nimetafakari mwezi huu kwa unyoofu mbele za Mungu. Nimeona kosa langu wazi, na nimelikiri. Kosa lilikuwa sola. Sola ni kitu kizito, kina namba ya tarakimu tisa, kinapanda juu ya paa ambapo kila mtu anakiona. Mtu mwerevu hangeanzia hapo.

Opiyo amekuja kunifariji. Kisha, akitazama lile banda, amesema jambo bila hata kujua uzito wake: ati alimsikia bosi kwenye simu akisema majengo ya mifugo yana kiwango chake. Cha chini sana. Huenda ni sifuri. Nimemuuliza mifugo ni nini hasa, kisheria. Amesema nadhani hata kuku. Nimemuuliza wangapi. Amesema hapo mlango ulifungwa.

Wathome anajenga vyumba kumi na viwili vya kupangisha, na waya bado hajapewa mtu.

Vyumba kumi na viwili vya kuku, ambamo watu wanaruhusiwa kulala.

Na kuku hana namba! Hata hivyo sitabuni chochote. Nitamweleza kwenye karatasi kama alivyo: kilemba chekundu, shingo wazi, mguu wa kushoto unachechemea kidogo. Yule pale, aliyesimama kwenye kibao. Ni mpole, atakaa vizuri kwenye baiskeli.

Kesho asubuhi kabla ya simu nitamwomba Jentrix huyo kuku. Namhitaji siku moja tu.